Alama za Kiti cha Plastiki

Katika miaka yote niliyofanya kazi mochari pale Doha, ni maiti mmoja tu niliyekatazwa kumgusa, na ni mtu mmoja tu aliye hai niliyetamani kumwona amelazwa juu ya meza yetu. Maiti alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Huyo aliye hai alikuwa supavaiza wake, Mkenya mwenzetu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana watu wa nyumbani wakisikia mochari husogeza viti nyuma. Nilifika Doha kama muuguzi wa wodi ya wazazi, miaka ile mji ulipokuwa ukichimbwa kila kona. Baadaye kitengo cha kuchunguza vifo kikatafuta mwanamke wa kuwaandaa maiti wa kike na kusema na wafiwa wasiojua Kiarabu. Wenzangu wote wakatazama sakafu. Mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimechoshwa na vilio vya watoto wachanga, halafu mochari kuna baridi, na mimi ni mtu wa milima ya Taita. Joto la Doha lilikuwa linanitoa roho.

Mkuu wetu alikuwa daktari Msudani, mama mfupi aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni. Tulimwita Doktora. Kabla hajamfanya maiti lolote alimwekea kiganja kwenye paji la uso na kumwambia kwa Kiarabu anachotaka kufanya: samahani, nitakugeuza, samahani, nitakupasua hapa. Alikuwapo mzee wa Kipakistani aliyeosha maiti wa kiume wa Kiislamu, mtu wa ndevu nyekundu za hina na maneno machache. Na alikuwapo mpelelezi wa polisi, Mqatari, kapteni mwenye sauti ya chini, ambaye kila alipokuja hakuanza kuuliza kilichomuua mtu. Aliuliza, "Huyu ana nani?"

Hilo ndilo swali tulilolifanyia kazi sote. Doktora alitafuta sababu, kapteni akatafuta mahali na watu, mzee akaosha, nami nikatafuta mama wa marehemu kwenye simu, awe Kathmandu, Manila au Busia. Hatukutaka mtu aondoke pale kama mzigo. Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo, na sijaona tena watu wanne wasioelewana lugha vizuri wakifanya jambo moja kwa moyo mmoja namna ile.

Mpwa wangu alikuja Doha kama mlinzi. Siku ya Ijumaa, akipata mapumziko, alipanda basi kutoka kambini kwao Sanaya, eneo la viwanda, akaja Al Mansoura nilikokaa na wauguzi wenzangu. Alikula chapati zangu, akajilaza kwenye zulia chini ya AC, akalala mdomo wazi kama mtoto. Alikuwa mrefu mno kwa lile zulia, miguu ikabaki kwenye vigae. Aliniita mama mdogo, na akiwa na njaa aliniita mama tu.

Kiangazi cha mwisho alihamishiwa geti la kiwanja cha ujenzi, nje ya mji, mahali pasipo na mti wala ukuta. Kibanda cha mlinzi kilikuwa kimejazwa mifuko ya simiti. Yeye alipewa kiti cha plastiki. Mafundi walikuwa na amri ya serikali ya kupumzika saa za jua kali, wakaingia kwenye makontena yao yenye ubaridi; mlinzi akabaki getini peke yake. Alijitafutia mwavuli mahali, akaufunga kwenye kiti kwa waya. Supavaiza akauondoa.

"Alisemaje?" nilimuuliza mpwa wangu.

"Alisema mwenye kiwanja amelalamika, geti linafanana na soko la mitumba. Akasema mlinzi akikaa kivulini macho yanalala."

"Nipe namba yake nimpigie."

"Usithubutu, mama mdogo. Atanipeleka pabaya zaidi."

Alinionyesha tu picha ya yule mtu kwenye simu: kitambi, tai nyekundu, meno yote nje, kaegemea gari la kampuni. Nikauangalia ule uso nikaukariri. Sijui kwa nini niliukariri.

Mpwa wangu aliletwa kwetu asubuhi ya siku ya kazi. Nilifungua zipu ya mfuko kama nilivyofungua nyingine zote, huku nikisoma karatasi iliyokuja naye: amekutwa amefariki usingizini, kitandani kwake kambini. Nikaona sikio kwanza. Lilikuwa na kovu alilolipata kwa kuanguka kwenye mawe akiwa mdogo, nami ndiye niliyekifunga kidonda kwa kitambaa cha kanga yangu. Sikupiga kelele. Nilifunga zipu, nikaifungua tena, kana kwamba nikifungua mara ya pili atakuwa mtu mwingine. Mzee wa Kipakistani aliniona, akatoka mbio kumwita Doktora.

"Huyu ni nani wako?" Doktora aliuliza.

"Mwanangu."

Hakuuliza mtoto gani tena nami sina mume. Alinishika mikono akanivua glavu mwenyewe, kidole kimoja kimoja.

"Leo wewe si mfanyakazi hapa," alisema. "Wewe ni mfiwa. Utakaa pale wanapokaa wafiwa, na utakunywa chai kama ninavyowapa wafiwa. Humgusi."

"Mimi ndiye ninayemjua."

"Ndiyo sababu."

Nikakaa kwenye benchi nililozoea kuwakalisha wengine. Chai ya maziwa ikaletwa, ikapoa. Nilikuwa bado silii. Nilikuwa nikifikiria ile tai nyekundu.

Doktora alipotoka, alikaa kando yangu, si mbele yangu, jinsi alivyofanya siku zote. Alizungumza taratibu.

"Wameandika amefia kitandani, amelala chali. Wewe unajua kazi hii. Moyo ukisimama, damu haina mwenye kuisukuma tena. Inashuka chini kama maji, inatua, inaacha rangi. Aliyefia chali, rangi inakuwa mgongoni."

"Na yeye?"

"Mgongo wake una rangi kidogo sana. Miguu imeiva kama zambarau, kuanzia magotini hadi vidoleni. Na chini ya mapaja kuna mistari myeupe, imepangana sawasawa. Mwanao alikufa ameketi. Akaachwa ameketi muda mrefu."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Alikuwa amekufia getini, juani, kwenye kiti, na akakaa pale mchana kutwa akiwa maiti, malori yanaingia na kutoka, hakuna aliyemsogelea. Jioni wakamwona. Wakambeba kama gunia, wakampeleka kambini, wakamfunika blanketi, wakangoja asubuhi ndipo wamwite polisi. Aliyefia kitandani hana mtu wa kulaumiwa. Mungu kamchukua. Aliyefia getini ana mtu aliyemweka getini.

"Joto ndilo lililomuua," Doktora alisema. "Moyo wake ulikuwa mzima. Mapafu mazima. Kijana mzima kabisa."

"Andika ameuawa," nikamwambia.

"Hapana."

"Doktora, andika ameuawa! Jina la aliyemuua ninalo."

"Nitaandika alichoniambia mwanao, basi. Nikiongeza neno moja la kwako, wakili wa kampuni atalishika hilo moja na kuyatupa mengine yote. Unataka nimpe hilo neno?"

Nilimchukia siku ile. Niseme kweli, nilimchukia karibu sawa na yule mwingine, kwa kuwa na haki.

Alimpigia kapteni simu mbele yangu. Nilimsikia akisema kiti, akarudia: kiti, usiache mtu mwingine akichukue. Kabla ya adhuhuri kapteni alikuwa amekileta, kimefungwa kwenye nailoni kubwa, kiti cha plastiki cheupe kilichogeuka manjano kwa jua, na kipande cha waya bado kimefungwa mguuni mwake. Walikiingiza ndani wakafunga mlango. Baada ya muda kapteni akatoka, akasimama mbele yangu, akavua kofia yake. Hakusema mistari ya mapajani imelingana na ya kiti. Alisema, "Huyu ana wewe," akaondoka kwenda Sanaya.

Mchana ule mzee wa Kipakistani aliniomba jambo. Kazi yake ilikuwa kuosha Waislamu. Wakristo niliwaandaa mimi, wanaume nikiwa na msaidizi wa kiume. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Sista, mimi nitamwosha. Niambie kwenu mnasema nini."

Nikamwambia kwetu hatusemi, tunaimba.

"Basi imba. Simama nje, mlango nitauacha wazi kidogo."

Nikasimama nje ya mlango, nikaimba kwa Kitaita wimbo wa kumsindikiza mtu. Nilisikia maji. Niligundua kwamba alikuwa akiyamwaga kwa mwendo wa wimbo. Nikivuta sauti, naye anavuta. Nikinyamaza kupumua, maji yananyamaza. Hapo ndipo nililia.

Kesho yake supavaiza alikuja. Kampuni ilikuwa imetakiwa ilete mtu aliyemfahamu marehemu, amtambue rasmi. Ningeweza kumtambua mimi, na Doktora aliniambia hivyo. Nilikataa. Nilisema sheria inataka mwajiri, basi na aje mwajiri. Nilisema hivyo kwa sauti ya upole sana.

Doktora alikuwa kwenye mkutano upande mwingine wa hospitali. Nami nikavaa koti langu jeupe, nikakaa kwenye dirisha la mapokezi.

Ulikuwa ule ule uso wa kwenye picha, ila tai hii ilikuwa ya bluu. Alisoma jina la nchi yangu kwenye kitambulisho changu, akafurahi kama aliyekutana na ndugu.

"Ah, kumbe ni msee wa home! Siz, dada yangu, asante Mungu. Nisaidie hii kitu iishe haraka. Hawa watu wameanza maswali mingi, na huyu kijana hata hana mtu hapa."

"Hana mtu?"

"Hana. Ni sisi tu kampuni."

"Pole," nikasema. "Ingia umtambue."

Mle ndani alikuwa mzee wa Kipakistani peke yake, akikunja mashuka. Nilivuta droo. Nilifunua uso kwanza. Akatupa jicho, akasema ndiye, akageuka aondoke.

"Bado," nikamwambia. "Lazima uthibitishe mwili wote." Lazima hiyo ilikuwa yangu, haikuwa ya sheria yoyote. Nikafunua miguu. "Mbona iko hivi? Si alifia kitandani?"

Akaitazama ile miguu. Akamtupia mzee jicho, akaona hajui Kiswahili, akanisogelea hadi nikanusa marashi yake.

"Siz, usianzishe hiyo stori. Nakwambia kama mtu wa nyumbani. Kijana tulimpata getini, lakini alikuwa ameenda zamani, hakuna kitu ingefanyika. Tungemwacha huko ingekuwa shida kwa kila mtu. Tulimrudisha tu kwa kitanda yake, kwa heshima. Sasa hiyo ni makosa?"

"Ulimpata saa ngapi?"

"Jioni, nikileta mlinzi wa zamu."

"Na mchana hukupita?"

"Nilipita na gari. Nilimwona amekaa, nikajua ako sawa."

Alimwona amekaa. Alipita na gari lake lenye ubaridi, vioo juu, akamwona mtoto wangu amekaa akiwa amekufa, akajua ako sawa.

"Mshike miguu," nikamwambia.

"Nini?"

"Mshike. Soksi zake hizi hapa. Mvishe."

"Siz, mimi si mtu wa hizo kazi..."

"Mimi si siz. Mimi ni mama yake mdogo. Mvishe soksi."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibomoka vile. Aliangalia mlango, na mzee, bila kujua neno hata moja la tuliyosema, alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na mashuka yake mikononi. Supavaiza akazichukua soksi. Kidole gumba cha mpwa wangu kilikuwa na lengelenge lililopasuka, kwa moto wa buti, na alipofika pale akasita, nami nikamwambia aendelee. Alimvisha zote mbili. Alikuwa akitokwa na jasho kwenye chumba ambacho mimi huvaa sweta. Nilijisikia vizuri. Watu huniuliza kama nilijisikia vibaya baadaye, na jibu ni kwamba nilijisikia vizuri siku ile, na usiku wake nikalala.

Doktora aliporudi na kuambiwa, alinigombeza kwa Kiarabu cha kwao ambacho hukitumia akikasirika kweli. "Nilikuambia wewe ni mfiwa! Akisema ulimtishia, nitajibu nini? Aliyokuambia hayaingii kwenye taarifa yangu, hata herufi." Na hayakuingia. Halafu akatoka nje, akarudi na chai, tukainywa.

Kilichomwangusha yule mtu kilikuwa kazi ya wenzangu. Kapteni alikwenda Sanaya akiwa amevaa kanzu ya nyumbani, bila gari la polisi, akaingia chumba cha walinzi, akakaa chini kati ya vitanda. Mganda mmoja aliyelala kitanda cha juu ya kile cha mpwa wangu alinisimulia baadaye. "Mama, sisi tuliogopa. Kampuni ilituambia mwenye atafungua mdomo anaenda airport. Lakini yule afande hakuuliza kitu. Alikula posho yetu, ugali, na maharage kwa mkono. Akauliza tu, huyu mwenzenu alikuwa anapenda kucheka? Sisi tukalia. Halafu tukamwambia yote." Wakamwambia walivyoamshwa wampokee rafiki yao kutoka nyuma ya pikapu, mwili umekunjika kama bado ameketi, na walivyoamriwa wamnyooshe.

Kwa hiyo taarifa ya Doktora, kiti, na walinzi wa chumba kile vikasema jambo moja. Cheti kikaandikwa joto, kikaandikwa getini. Mwili wa mpwa wangu ulisafiri nyumbani ukiwa na ukweli wake. Kampuni ilijibu mashtaka, na supavaiza akazuiwa kutoka nchini hadi kesi iishe.

Kesi za kule haziendi mbio. Yeye alifukuzwa kazi, akabaki Doha akila kwa watu, na mimi nikahakikisha watu hao wanajua wanamlisha nani. Nilisimulia saluni kule mtaa wa Bin Mahmoud, nikasimulia kwenye harusi, nikasimulia kwenye chama chetu cha wauguzi. Sikuongeza chumvi, Doktora alikuwa amenifundisha. Nilisema tu alimwona amekaa. Ilifika mahali akiingia kwenye hafla ya Wakenya, meza inakuwa na simu nyingi za ghafla za kupokelewa nje.

Mwaka wa pili alikuja mlangoni kwangu na mchungaji wake. Alikuwa amekonda, shati limemzidi. Mchungaji ndiye aliyesema.

"Dada yetu, mama mzazi wa huyu ndugu amefariki. Anataka kwenda kumzika. Mahakama imesema ndugu wa yule kijana wakiandika hawana pingamizi, huenda akaruhusiwa. Biblia inasema..."

"Biblia ninayo ndani," nikasema. "Ngoja nimuulize mwenye mtoto."

Nikampigia dada yangu kule Wundanyi, nikaweka simu kwenye spika, nikamweleza yote kwa haki, pamoja na kifo cha yule mama. Dada yangu ni mtu wa kusamehe. Amewahi kumsamehe aliyemwibia ng'ombe. Nikasikia kuku wake, na mtu akipasua kuni mbali.

"Huyo mtu yupo hapo ananisikia?"

"Anakusikia, dada."

"Mwanangu alikaa juani mchana kutwa. Naye akae."

Simu ikakatika. Yule mtu alitikisa kichwa kama aliyetegemea jibu hilo, akashuka ngazi bila kumngoja mchungaji. Mama yake alizikwa bila yeye. Wako waliosema tumekosa utu, nami nikahama kanisa.

Hatimaye alihukumiwa, akakaa ndani kifungo alichopewa, kifupi kuliko nilivyotaka, kisha akarudishwa kwao. Kampuni ililipa faini yake, na baada ya muda nikaona mabasi yale yale ya walinzi barabarani, yamepakwa rangi nyingine na jina jingine. Ningekuwa na mikono ya kutosha ningewashika wakubwa wa kampuni wote, nao wavishe soksi.

Siku aliyoondoshwa nchini nilikuwa kazini, namwosha mama wa Kifilipino aliyefariki kwa kansa, mama mnene mwenye rozari iliyozungushwa mkononi. Doktora aliingia akivaa glavu, akaniambia kapteni amepiga simu, yule mtu amekwishapanda ndege.

"Moyo umepoa?" akaniuliza.

"Bado."

Alinitazama kupitia ile miwani yake. Nilidhani atanihubiria. Akaweka kiganja kwenye paji la uso la yule mama, akamwomba radhi kwa Kiarabu, akaniambia, "Haya, shika bega. Mzito, tutamgeuza pamoja."